Uvimbe wa taya ukiyeyuka, matibabu hayajaisha

Juma hili tuzungumze juu ya ugonjwa wa watoto ambao wengi wetu tumeuona bila kujua jina lake. Mtoto wa miaka mitano au sita anavimba shavu moja. Jino linatikisika. Nyumbani tunasema ni jino tu. Juma la pili shavu limezidi. Mwezi haujaisha, jicho limesukumwa juu, uso si ule tena, na pale kwenye bomba la maji watu wanaanza kuulizana ni nani aliyegombana na mama wa mtoto yule.

Ugonjwa huo ni saratani, ile tunayoiita kansere, na madaktari wanauita limfoma ya Burkitt. Ninaandika juu yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, kati ya kansere zinazoshika uso na shingo, hii inasikia dawa sana, hata ikiwa imekwisha kuwa kubwa. Ya pili, wapo watoto wanaofika hospitalini, wanaanza dawa, uvimbe unayeyuka, kisha wanapotea katikati ya njia kwa sababu nyumbani wameonekana wamepona. Kansere inarudi, na safari hii inarudi kali zaidi.

Jino au kansere?

Sisi walimu wa mwaka wa kwanza tunakaa kila siku mbele ya midomo yenye mapengo. Umri wa kung'oka meno ya utoto ndio umri uleule ambao limfoma hii inapenda. Inashika hasa watoto wa miaka 4 hadi 9, wavulana wengi kuliko wasichana. Ndiyo maana ni rahisi kuikosea.

Jino bovu kwa kawaida linauma, fizi inakuwa na moto, usaha unatoka, na dawa aliyoandika muuguzi inapunguza uvimbe baada ya siku chache. Limfoma haifuati njia hiyo. Alama zake ni hizi:

– uvimbe mgumu wa taya la juu au la chini, unaokua siku kwa siku, mara nyingi bila maumivu makali;
– meno kadhaa yanayotikisika pamoja, hata magego ambayo wakati wake wa kung'oka haujafika, au meno yanayoacha mstari wake;
– jicho moja linalotokeza nje;
– tumbo linalovimba upesi na kuwa gumu;
– miguu inayolegea ghafula, au mtoto anayeshindwa kukojoa.

Si lazima mtoto awe na alama zote. Moja tu, ikiwa inazidi, inatosha kumpeleka. Kung'oa jino hakuondoi kitu, kunaleta damu na kupoteza muda. Na muda ndio tusiokuwa nao, kwani hii ni moja ya kansere zinazokua upesi kuliko zote. Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Mama anayesema "tungoje mwisho wa mwezi, papa apate mshahara" anangoja na kitu kisichongoja.

Ilijulikana namna gani

Historia ya ugonjwa huu iko kwa jirani zetu wa Uganda, na inafaa tuijue, maana inatufundisha kwamba si uchawi na si laana ya ukoo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, amtazame mtoto wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakujua ni nini. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akaona mtoto mwingine, msichana, mwenye uso wa namna ileile, na tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Akaanza kupekua vitabu vya hospitali. Alikuta watoto wengi wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao kwa madaktari wenzake. Baadaye ilionekana kwamba hata daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa na michoro ya watoto wenye mataya yaliyovimba hivyo. Ugonjwa ulikuwako siku zote, ila haukuwa na jina.

Burkitt alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni, akiuliza: je, mmewaona watoto kama hawa? Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa akifanya kazi Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mpaka wa Kongo yetu. Walisafiri karibu majuma kumi na kilomita karibu 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliporudi walikuwa na ramani. Ugonjwa unapatikana sehemu za joto na mvua nyingi. Ukipanda milima penye baridi, unatoweka. Ukifika penye ukame, unatoweka. Ramani hiyo inafanana na ramani ya malaria kali.

Sasa angalia Maniema yetu. Kindu iko karibu na ikweta, bondeni mwa mto, joto mwaka mzima, mvua nyingi, mbu wengi. Tuko katikati ya ukanda huo.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua virusi ndani ya chembe za uvimbe zilizotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Virusi hivyo vinapita kwa mate, na karibu watoto wote wa kwetu wanavipata wakiwa wadogo bila kuona dhara. Lakini kwa mtoto ambaye malaria inampiga tena na tena, chembe zinazolinda mwili zinasumbuliwa bila kupumzika. Siku moja, chembe moja ya damu inaharibika na kuanza kuzaana bila kujua kusimama. Hiyo ndiyo limfoma.

Kwa hiyo tuelewane. Mtoto mwenye uvimbe huu hawezi kumwambukiza ndugu yake kansere. Anaweza kula nao sahani moja na kulala nao kitanda kimoja. Mama yake hakufanya kosa lolote. Chandarua na kutibu malaria mapema ni mambo mazuri kwa watoto wote, lakini asiwepo mtu wa kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa: "ungalitumia chandarua." Mzigo alionao unatosha.

Dawa iliyoyeyusha uvimbe

Mwanzoni Burkitt alijaribu kupasua. Ilikuwa kazi ya kusikitisha. Kukata taya kunaharibu uso wa mtoto, na uvimbe unarudi. Kampala wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu kansere. Ikabaki njia moja, dawa zinazopita katika damu, ambazo wakati huo zilikuwa bado mpya duniani. Leo tunaziita kemoterapi, au kwa kifupi kemo.

Matokeo yaliwashangaza wote. Mtoto alipewa dawa, na baada ya siku chache uvimbe uliokuwa mkubwa kama chungwa ulianza kunywea. Jicho lilirudi mahali pake. Huko Ibadan, Nigeria, daktari Mkameruni Victor Anomah Ngu naye aliwatibu watoto wa namna hiyo. Mwaka 1972 yeye, Burkitt na wenzao wengine walipewa huko Marekani tuzo kubwa ya Lasker kwa kazi ya kutibu kansere kwa dawa. Tukumbuke hilo tunaposikia kwamba dawa hizi ni mambo ya wazungu. Sehemu ya elimu ya kemo ilijengwa hapa Afrika, kwa watoto wa Afrika.

Kwa nini dawa inafanya kazi upesi hivyo? Dawa za kemo zinapiga chembe wakati zinapogawanyika. Chembe za limfoma hii zinagawanyika usiku na mchana, basi kila dozi inazikuta kazini. Kasi ile inayotutisha ndiyo inayozifanya zife kwa wingi. Lakini mwilini kuna chembe nyingine njema zinazogawanyika upesi, kama zile za mizizi ya nywele, za ngozi ya ndani ya mdomo, na za damu. Hizo nazo zinaumia kwa muda. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupoteza nywele, kutapika na kupata vidonda mdomoni. Nywele zinarudi. Vidonda vinapona. Hiyo si alama kwamba dawa inamwua.

Mtego wenyewe

Sasa tufike mahali pagumu. Watoto wengine wa Mulago waliponywa kwa dozi chache tu. Walirudi kijijini, na miaka mingi baadaye walikuwa hai. Lakini kwa wengine uvimbe uliyeyuka vilevile, uso ukawa mzuri vilevile, na baada ya miezi michache kansere ikarudi, mara nyingine ndani ya uti wa mgongo au kichwani. Siku ile uvimbe ulipoyeyuka, hakuna daktari aliyeweza kusema yupi ni yupi.

Kwa sababu hiyo mwaka 1967 kilianzishwa huko Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Kansere ya Uganda. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa daktari kijana Mmarekani, John Ziegler. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, daktari Mganda Charles Olweny aliushika uongozi na kazi ikaendelea katika miaka ya shida. Humo walijifunza kuchanganya dawa kadhaa, kuingiza dawa nyingine kwa sindano ya mgongoni ili kuzizuia chembe zinazokimbilia kichwani, na kumfuata mtoto baada ya kwenda nyumbani.

Macho ya mama yanaona uvimbe, lakini hayaoni chembe. Uvimbe ukiyeyuka, bado zinaweza kubaki chembe nyingi zilizojificha. Dozi zinazofuata ni kwa ajili ya zile zisizoonekana. Ukimwondoa mtoto hospitalini siku uso wake ulipopendeza, umeacha kazi pale ilipokuwa inaanza kufaa.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma hii wanapona. Katika hospitali za Afrika zenye dawa na wauguzi waliozoea, wanapona kadiri ya nusu, mahali pengine zaidi. Huko Kameruni, hospitali za misheni ya Wabatisti za Banso na Mbingo, zilizo mbali na miji mikubwa, zimewatibu watoto wengi kwa dawa chache tu pamoja na sindano za mgongoni, na zaidi ya nusu yao walikuwa hai na wazima mwaka mmoja baadaye. Nusu si wote, ni kweli. Lakini mtoto asiyetibiwa hana nusu hiyo. Ugonjwa huu ukiachwa unaua ndani ya miezi michache.

Siku za matibabu zinavyokwenda

Kwanza daktari hatoi kemo kwa kutazama tu. Atachukua kipande kidogo cha uvimbe, au maji yake kwa sindano, kikaangaliwe kwa darubini. Atapima damu, ataangalia tumbo kwa ekografia, na atachukua maji kidogo ya mgongoni. Usiogope sindano hiyo ya mgongo. Haimlemazi mtoto, na kwa ugonjwa huu ni ya lazima.

Dawa zinazotumiwa mara nyingi ni siklofosfamidi, vinkristini na metotreksati. Matibabu yanapita kwa duru. Mtoto anapata dawa, anapumzika, anapimwa damu, anapata tena. Huenda majuma kadhaa, huenda miezi michache, kwa kadiri ya ugonjwa ulivyoenea. Muulize daktari tangu siku ya kwanza: "Duru ni ngapi? Tutarudi tarehe gani?" Andika katika daftari.

Siku za kwanza zina hatari yake. Chembe nyingi zikifa pamoja, taka zake zinajaa katika damu na kuziba figo. Ndiyo maana mtoto anawekewa maji mengi kwa mshipa na kupewa dawa ya kulinda figo, na wauguzi wanapima mkojo wake. Ukiombwa uweke mkojo wote katika chupa, usiumwage hata kidogo. Wanahesabu.

Baada ya kila duru, askari wa damu wanapungua. Katika majuma hayo, homa ya mtoto huyu si homa ya kawaida. Usimpe parasetamoli ukangoja asubuhi. Mrudishe hospitalini saa ileile, hata usiku. Usimtilie maji ya majani kwa njia ya nyuma kama tulivyozoea kwa watoto wenye homa, kwa maana kidonda kidogo cha ndani kinaweza kuingiza vijidudu katika damu. Chakula chake kiwe kimeiva vizuri na cha moto, kama vile uji, mchele, sombe, mayai na samaki. Maji yachemshwe. Mikono inawe. Watu wenye kikohozi wamsalimie kutoka mlangoni.

Dawa zikikamilika, bado kuna kazi moja. Kansere hii ikirudi, mara nyingi inarudi katika mwaka wa kwanza. Fuata tarehe zote za kumwonyesha mtoto kwa daktari, hata kama anacheza mpira na kumaliza sahani yake.

Tuanzie wapi sisi wa Kindu

Anza kwenye kituo cha afya cha kartie yako, lakini usikae pale. Omba barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Rufaa. Daktari ndiye atakayejua dawa zinapatikana wapi wakati huo. Watoto wenye kansere wanatibiwa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Kinshasa. Nje ya nchi wanatibiwa Kampala, na pia Butaro huko Rwanda, ambako kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka 2012.

Ninajua mnachowaza. Kutoka Kindu hadi huko ni ndege, au treni, au barabara ile tunayoijua. Na mama anayetoka Kailo, Kibombo au Punia lazima kwanza afike Kindu. Anaacha shamba, anaacha watoto wengine, labda ana ujauzito. Hapo ndipo mtoto anapopotea, na hapo ndipo kundi la wamama linaweza kufanya kitu ambacho daktari hawezi.

Kama tuna likelemba, tukubaliane mapema kwamba mama mwenye mtoto mwenye kansere anapewa zamu yake mbele ya wengine. Wawili kati yetu wabaki na watoto wake na kupalilia mpunga wake. Mmoja ashike nakala ya tarehe zake za kurudi hospitalini na kumpigia simu juma moja kabla. Papa na bibi wa mtoto waelezwe tangu mwanzo kwamba nywele zitaanguka na kwamba uvimbe utayeyuka kabla ya kazi kwisha, ili asiwepo mtu wa kumwamuru mama arudi. Wanaopenda kuomba waombe, tena kwa bidii, lakini mtoto asifungiwe katika chumba cha maombi wakati siku zake za dawa zinapita. Na walimu wamtunzie nafasi yake darasani, na wawafundishe wenzake wasimcheke akirudi na kichwa kitupu.

Neno juu ya watu wazima

Mtasema, je, dawa hizi zinafaa pia kwa baba mwenye kansere ya ulimi au ya koo? Hapa nisiwape tumaini la uongo. Kansere za watu wazima za mdomo, pua na koo ni za namna nyingine. Kemo peke yake kwa kawaida haiziponyi. Inasaidia ikiunganishwa na mionzi au upasuaji, na ugonjwa ukiwa umeenea, inaweza kupunguza uvimbe na maumivu kwa muda. Kwao wokovu mkubwa ni kuwahi. Kidonda cha mdomo kisichopona majuma matatu, sauti iliyokauka bila kurudi, donge la shingo, au tundu moja la pua linalotoa damu kila mara, vyote vionyeshwe kwa daktari. Na tumbaku pamoja na pombe kali, hasa vikienda pamoja, vinaleta kansere hizo.

Katika mkutano wetu ujao, kila kundi lichague wamama wawili wa kujifunza alama tulizoandika hapo juu na kuzieleza katika kartie yao na ng'ambo ya mto, Alunguli. Hawahitaji diploma. Wajue tu kutofautisha shavu la jino na shavu linalokua kila siku, na wawe tayari kumshika mama mkono siku anapokwenda hospitalini, na tena siku anapotaka kurudi nyumbani mapema.